Mkalimani wa Mzee Tolliver

Wivu wa Herman Mshana ulianza kwa mpira ambao haukuwapo. Alikuwa amepanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya uwanja wa Flagey, mjini Brussels, ili kumpelekea mkewe ufunguo aliousahau nyumbani. Akakuta mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Katikati ya sebule, mzee wa miaka tisini na miwili aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu aliuinua mkono wa kulia hadi nyuma ya sikio, akaushusha kwa kasi kama mtu anayerusha kitu. Régine, mkewe Herman, aliyekuwa amechuchumaa kando ya kabati, aliruka kushoto, akakifumbata kitu hicho kwa viganja viwili, akaanguka nacho juu ya zulia. Viganjani hamkuwa na kitu. Wote wawili wakacheka mpaka mzee akakohoa.

Katika miaka tisa ya ndoa, Herman hakuwahi kumwona mkewe akianguka kwa hiari yake.

“Entre, Papa Glory!” Régine alimwambia kutoka sakafuni, kwa Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, akilitumia jina la binti yao kama kawaida yake. “Njo besiboli hii. Njo vile balikuwa banafanya mbele ya match.”

Mzee huyo aliitwa Lucius Tolliver. Kwa miaka mitano, kuanzia elfu moja mia tisa na hamsini, aliicheza besiboli katika timu za watu weusi kusini mwa Marekani, enzi ambazo ligi za mji, hoteli za mji na mabomba ya maji ya mji yalikuwa na rangi zake. Timu ilisafiri kwa basi na kulala humo humo. Chakula ilikipokea kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa. Kabla ya mchezo, mwenye timu aliwataka wachezaji wawachekeshe watazamaji kwa kufanya mazoezi bila mpira, wakirusha na kudaka hewa kwa wepesi ambao uliwafanya watu jukwaani waape kwamba wameuona. Watazamaji walilipia kicheko, na kwa malipo hayo timu ilikula. Baadaye jeshi lilimpeleka Ujerumani, na mwanamke wa Kibelgiji akamleta Brussels. Mwanamke huyo alikwisha kufa. Régine, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa mhudumu aliyetumwa na manispaa kumhudumia siku tano kwa wiki.

Mzee alimtazama Herman, akamwuliza kwa Kifaransa kama anaujua mchezo huo. Herman, ambaye Kifaransa chake kilimtoka kwa shida, alijibu kwa Kiingereza kwamba alifundisha historia katika shule ya sekondari huko Same kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwamo kwenye mtaala.

“Kwenye mtaala,” mzee alirudia kwa Kiingereza, kama mtu anayeonja mchuzi asiouagiza. Kisha akamgeukia Régine, akarudi kwenye Kifaransa, akamwita kwa jina ambalo Herman hakuwahi kulisikia. Alimwita Catcher, yaani Mdakaji.

Herman aliuweka ufunguo juu ya meza, akashuka ngazi.

*

Waliishi mtaa wa Saint-Josse, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa vya mapazia. Herman alipakia mizigo katika ghala moja huko Anderlecht, kazi aliyoianza alfajiri na kuimaliza adhuhuri. Shahada yake ilikuwa imerudishwa mara mbili na ofisi inayozilinganisha shahada za kigeni, mara ya pili ikiwa na maelezo ya heshima zaidi kuliko ya kwanza. Ghalani walimwita Mwalimu, na hawakuwa na maana nzuri.

“Umeanza lini kuitwa Mdakaji?” aliuliza jioni hiyo.

“Hee! Bachezaji bote balikuwaka na surnom.”

“Wewe si mchezaji.”

“Mi njo minadaka vitu vyake vyote. Sahani, dawa, pantalon. Alors?” Régine alikuwa akimenya vitunguu. Aligeuka, akamtazama vizuri. “Papa Glory. Ule muzee iko na quatre-vingt-douze ans, tisini na mbili. Uko jaloux ya muntu wa quatre-vingt-douze?”

“Sina wivu. Nimeuliza.”

“Ah bon. Ameuliza.” Akacheka peke yake. “Siku moja bazungu ba ligi kubwa balikuja kucheza nabo, mwezi wa kumi, ligi yabo ikiisha. Papa Lucius akapiga mupira mpaka ku ukuta, akakimbia mpaka kituo ya tatu. Bon. Kuko muntu wa kuandika, wa journal ya mji. Ye akaandika nini? Eti ni kosa ya mwenye alikuwa anadaka. Donc ku kitabu, Papa Lucius hakupiga kitu. Ata leo, ku kitabu, hakupiga kitu.”

“Hilo ni jambo la kawaida,” Herman alisema. “Kumbukumbu zote za aina hiyo ziko hivyo. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.”

“Ulifundisha,” Régine alikubali bila ubaya wowote. “Lakini ye alikuwa pale.”

Si haki kusema kwamba Herman aliuonea wivu mwili wa mzee huyo, maana mwili wenyewe haukubaki mwingi. Wala hakudhani kwamba mkewe alimpenda mzee kwa namna inayovunja ndoa. Alichomwonea wivu ni kwamba alisikilizwa. Herman naye alikuwa na maisha nyuma yake: ubao, wanafunzi sabini katika darasa moja, mkuu wa shule aliyemwogopa. Katika miaka tisa hakuna aliyemwuliza habari zake akiwa amechuchumaa zuliani. Mkewe aliyajua majina ya utani ya wachezaji kumi na wanne waliokwisha kufa huko Alabama, lakini hakulijua jina la shule ambayo mumewe alifundisha. Ni kweli kwamba Herman hakuwahi kumtajia. Wivu haujishughulishi na mambo kama hayo.

*

Mwezi wa Februari mzee alipata kiharusi. Alitoka hospitali baada ya siku kumi na mbili, akiwa na mkono mmoja uliolegea na lugha moja badala ya mbili.

“Kifaransa kimetoka,” Régine alisema, akiwa bado na koti mwilini. “Chote. Docteur anasema inaweza rudi, inaweza kataa. Minamuambia ‘bonjour papa’, ananiangalia sawa mugeni. Anaongea kingereza tu, na mi sisikii kitu.” Akakaa. “Papa Glory, minakuomba. Uwe unakuja. Ata saa moja tu kila siku. Wewe njo uko na kingereza.”

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Herman maneno hayo mjini Brussels: wewe ndiye unayeweza. Alijisikia vizuri, na alitambua kwamba si vizuri kujisikia hivyo kwa sababu ya kiharusi cha mtu. Akapiga pasi shati.

Kwa majuma matatu alitoka ghalani, akaoga, akaenda Flagey. Alikaa kati ya mkewe na mzee, akayapokea maneno ya upande huu na kuyatoa upande ule. Mzee anataka dirisha lifunguliwe. Régine anauliza kama bega linauma. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu na kwa ustadi, naye alikuwa akisubiri malipo yake, kwamba mmoja wao angemgeukia yeye. Mzee alizungumza na Herman huku akimtazama Régine. Régine alimsikiliza Herman huku akimtazama mzee. Mkalimani walimtazama kama mtu anavyoitazama simu.

Siku moja alijaribu kuingiza neno lake mwenyewe. Alimwambia mzee kwamba naye alicheza mpira wa miguu chuoni, upande wa kulia, na kwamba walifika nusu fainali.

“Vizuri,” mzee alisema. “Mwulize Mdakaji kama binti yake amepona kikohozi.”

Herman alimwuliza mkewe kama binti yao amepona kikohozi.

*

Jumanne moja ya mwezi Machi alikuja Antoine, ofisa wa ustawi wa jamii wa manispaa, mtu mwenye mvi na adabu nyingi. Alikuwa na swali moja. Nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee huko Uccle, na haitasubiri zaidi ya majuma mawili. Mzee anataka kuhamia huko, au anataka kubaki kwake, Régine akiongezewa saa za kazi? Uamuzi ni wa mzee mwenyewe, alisema Antoine. Régine alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo kikiwa mkononi, na hakuwa akifuta chochote.

Herman akatafsiri swali, lote, bila kulipunguza. Mzee alijibu polepole, kwa kuwa mdomo ulikuwa mzito upande mmoja.

“Waambie nabaki hapa. Nililala kwenye basi miaka mitano, na niliapa kwamba nitakufa kwenye kitanda changu. Halafu mwambie Mdakaji kitu kimoja. Mwambie aache kula amesimama. Kila mchana anakula amesimama huko jikoni, sahani mkononi, kama sisi kwenye mlango wa nyuma. Sijawahi kumwambia, maana sikujua jinsi ya kulisema kwa Kifaransa. Avute kiti, ale na mimi.”

Herman hakujua kwamba mkewe anakula amesimama. Alijaribu kumkumbuka nyumbani, mezani, jana, juzi, akaona meza, akaona sahani yake mwenyewe na ya binti yao. Mkewe hakumwona. Mzee wa watu, mwenye jicho moja linalofumba, alikuwa amekiona kilichokuwa ndani ya nyumba ya Herman kwa miaka tisa.

Akamgeukia Antoine. Sentensi aliyoitoa ndiyo iliyokuwa sentensi yake bora ya Kifaransa tangu alipofika Ubelgiji. Haikuwa na kosa.

“Anasema amechoka. Anaomba apelekwe Uccle.”

Antoine aliandika. Kitambaa kilimponyoka Régine. Uso wake ulilowa, na mzee, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, aliuona uso huo.

“Mbona analia?” alimwuliza Herman kwa Kiingereza. “Umemwambia nini? Mimi nimesema akae tu. Mwambie tena. Mwambie vizuri.” Mkono wake mzima uliukamata mkono wa kiti.

“Anasema nini?” Antoine aliuliza.

“Anasema msicheleweshe.”

“Amesema jina yangu,” Régine alisema kwa Kiswahili. “Nimesikia. Amesema Catcher.”

“Amekushukuru,” Herman akamwambia.

Ilichukua chini ya dakika tano. Herman, ambaye aliwafundisha mamia ya watoto jinsi mtu mwenye kalamu anavyoweza kumfuta mtu asiye nayo, hakuiona hata mara moja sura yake katika somo hilo. Aliona tu kwamba hatimaye wote wawili wanamtazama yeye.

*

Kwa siku tisa Régine alikunja mashati ya mzee, akayapanga katika masanduku. Herman hakwenda Flagey tena. Alisema ghalani wamemwongezea saa. Nyumbani alipata alichokitaka, mke asiyesimulia habari za mtu mwingine. Hakusimulia za yeyote.

Jioni ya nne Herman alimwona. Alikuwa amesimama karibu na jiko, sahani mkononi, akila haraka kama mtu anayesubiri kuitwa.

“Kaa ule,” Herman alisema. Akavuta kiti. “Kila siku unakula umesimama. Kaa ule nasi.”

Régine aligeuka, sahani bado mkononi. Kisha akaja, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile uso wake ukalegea.

“Leo njo umeona?” alisema. “Neuf ans, mwanaume. Myaka tisa! Ata mama yangu hakuonaka ile kitu.” Akampiga bega kidogo kwa mgongo wa kijiko. “Merci, Papa Glory.”

Herman aliipokea shukrani hiyo. Alilala vizuri usiku huo, na ni haki liandikwe hilo pia.

*

Siku ya kumi Antoine alipiga simu. Kwa kuwa mzee hawezi kuisoma hati anayotakiwa kuitia saini, sheria inataka mkalimani aliyeapishwa. Bwana Mshana amesaidia sana, lakini yeye ni mume wa mhudumu, na bila shaka ataelewa. Bwana Mshana alielewa. Régine alimwomba aje hivyo hivyo, ili mzee amwone mtu anayemfahamu, na Herman hakupata sababu ya kukataa ambayo isingemfichua.

Mkalimani alikuwa mama wa Kiingereza mwenye miwani ya kamba. Aliingia sebuleni na Antoine, mlango ukafungwa. Herman na mkewe walibaki jikoni. Nyuma ya mlango sauti ya mzee ilisikika kwa muda mrefu, ikipanda. Ilipoisha, Antoine alitoka peke yake, akiwa na hati isiyotiwa saini.

“Kuna tofauti,” alisema, na aliona haya kwa niaba ya watu wengine, kama ilivyo kwa watu wa kazi yake. “Bwana Tolliver anasema anabaki. Anasema alisema hivyo hivyo mara ya kwanza.” Alikohoa. “Nadhani ni suala la lafudhi. Bwana huyu ni wa Alabama, anaongea kwa shida, na Kiingereza cha Monsieur ni, tuseme, Kiingereza cha Afrika. Hakuna wa kulaumiwa. Si ndiyo, Monsieur?”

Mlango wa kutorokea aibu ulikuwa wazi, na Antoine ndiye aliyeushikilia. Herman aliutazama. Angeweza kuitwa mwongo au angeweza kuitwa mtu asiyejua Kiingereza, na Antoine na Régine walikuwa wakisubiri.

“Ndiyo,” alisema. “Kiingereza changu si kizuri.”

Antoine alishusha pumzi, akaandika, akamshika mkono.

Régine hakuandika kitu. Alikuwa ameishi miaka tisa na mwanamume aliyewasahihisha watangazaji wa redio. Walipofika Ubelgiji Herman alikataa kazi ya mapokezi kwa sababu tangazo lake lilikuwa na makosa mawili ya Kiingereza. Angekubali kuitwa maskini, mzito au mkaidi. Sentensi aliyoitoa sasa hivi hakuna njaa wala aibu iliyowahi kuitoa kinywani mwake. Régine alimtazama, na alipoacha kumtazama alikuwa amekwisha kujua.

*

Waliteremka kwa miguu hadi barabara ya Chaussée de Wavre. Mbele ya duka la vitenge Régine akasimama. Watu waliwapita pande zote mbili.

“Ile siku,” alisema, “alisema nini?”

“Mama Glory, twende nyumbani.”

“Hapa. Tafsiri.”

“Alisema anabaki.”

“Na jina yangu? Juu ya nini alitaja jina yangu?”

Herman aliyatazama mabunda ya vitenge dirishani. “Alisema uache kula umesimama. Alisema uvute kiti, ule naye.”

Régine hakusogea. Mwanamke mmoja mwenye mifuko aliwaomba njia, na Herman ndiye aliyempisha.

“Kumbe ata ile,” Régine alisema taratibu, “ilikuwa ya ye.”

“Nilitaka—”

“Nilikuambia merci.” Sauti yake haikupanda. “Mi nilikaa ku ile kiti, nikakuambia merci. Neuf ans minangojea uone, na siku unaona, ni macho ya muntu mwingine. Ulimuiba ata ile!”

“Régine, nilikuwa na wivu.” Alilisema kama mtu anayekiri ugonjwa, akitarajia huruma inayotolewa kwa wagonjwa.

“Minajua. Nilijua toka siku ya fungula. Nilikuwa minacheka juu nilizani iko kitu ya kuchekesha.” Akaweka mkoba begani. “Kesho saa tatu utakuja. Utamuambia ye mwenyewe kama uliongopa, na utamuambia ku kingereza, ile yako ya muzuri. Mi sitasikia. Mi nitaangalia sura yake.”

*

Saa tatu asubuhi mzee alikuwa amenyolewa ndevu na kuvalishwa sweta. Masanduku mawili yalikuwa bado ukutani, kwa kuwa Régine hakuwa amepata muda wa kuyafungua. Herman alisimama mbele ya kiti cha magurudumu, kofia mkononi. Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuketi.

Alisema kwa Kiingereza kizuri. Alisema kwamba alielewa kila neno siku ile, na kwamba alitafsiri kinyume kwa makusudi, mara tatu. Alianza kueleza sababu, akataja ghala, akataja shahada, akafika kwenye miaka tisa, kisha akaona kwamba mzee hamsikilizi tena bali anangoja amalize. Akamaliza.

Régine alikuwa ameegemea kabati, macho yake kwenye uso wa mzee. Uso huo haukubadilika sana. Nusu yake haikuweza kubadilika. Nusu nyingine ilimkagua Herman toka viatu hadi paji la uso, bila haraka, kama inavyokaguliwa bidhaa ambayo mtu ameshaamua kutoinunua. Kisha mzee akasema maneno machache.

“Amesema nini?” Régine aliuliza.

Herman alikuwa mtu pekee chumbani aliyejua. Angeweza kusema lolote: kwamba amesamehewa, kwamba mzee anaomba chai. Mkewe hakuwa na njia ya kuhakikisha. Alikuwa anangoja, na mzee naye alikuwa anangoja, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye.

“Amesema nitoke,” Herman akasema. “Amesema wewe ubaki.”

“Njo vile amesema?”

“Ndivyo alivyosema.”

Régine alitikisa kichwa kukubali, akaenda kufungua dirisha. Herman akavaa kofia, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka akausikia umejifunga.